MUZIKI WA JIRANI: KUSIKIA SI KUSIKILIZA

 

Ndugu Waislamu, miezi ya kiangazi, baina ya Juni na Agosti, mvua inapopumzika katika mji wetu wa Bukoba na viunga vyake, ndiyo miezi ya harusi, na harusi haziendi bila bendi. Hapa Ijuganyondo nyumba zetu zimekaribiana ndani ya migomba, na sauti haitambui mpaka wa kibanja. Kwa sababu hiyo limezuka miongoni mwetu suala ambalo limekwisha kuwagawa watu wa safu moja. Je, Muislamu aliyeketi nyumbani kwake, ambaye hakwenda dansini wala hakufungua redio, akafikiwa na muziki wa bendi ya jirani, amepata dhambi? Na suala la pili, ambalo kwa maoni yangu ni zito zaidi: akishafikiwa na muziki huo, ana haki gani juu ya wale wanaoupiga?

Yafaa nieleze lililozusha maneno haya. Alhamisi moja, muda mfupi kabla ya Alasiri, vijana wa mtaani wenye bendi yao walikuwa wakifanya mazoezi uani kwa mmoja wao kwa ajili ya harusi ya Jumamosi. Walikuwa na magitaa mawili, gitaa la besi, ngoma, na tarumbeta moja. Anayefikiwa na mazoezi ya bendi hafikiwi na wimbo, bali na kipande kimoja cha wimbo kinachorudiwa hata kichoshe. Mpiga besi alikuwa akikosea mahala pale pale; wenzake wakasimama, wakacheka, wakaanza upya. Nilikuwa barazani nikisahihisha madaftari ya watoto wa madrasa, na walipofika mara ya sita au ya saba nilikwisha kujua ni wapi atakapokosea tena. Sikuutafuta ujuzi huo. Ulipita juu ya ua ukaniingia. Jicho limepewa kope, ama sikio halikupewa kifuniko.

Ilipoadhiniwa, bendi ilinyamaza. Hakuna aliyekwenda kuwaambia, na wengi wao si Waislamu; walinyamaza kwa adabu waliyolelewa nayo mtaani. Adhana ilipokwisha walisubiri kidogo, kisha wakaendelea, na hapo sisi tulikuwa tumekwisha kuingia katika swala. Katika rakaa ya tatu tarumbeta ilisikika msikitini kana kwamba ipo mlangoni. Baada ya salamu, vijana wetu watatu wanne waliinuka wakiwa wameghadhibika, wakasema wanakwenda kukata nyaya. Mzee mmoja akawazuia kwa neno moja, "Subirini," na mabishano yakahamia nje, penye viatu, yakadumu karibu hadi Magharibi. Yaliyosemwa pale ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Nianze na suala la kwanza. Qur'an Tukufu, katika Surat Bani Israil aya ya 36, inatufahamisha kwamba masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Wapo waliofahamu kutokana na aya hiyo kwamba kila sauti iliyoingia sikioni imeandikwa. Lakini mwanadamu haulizwi kwa lisilo katika uwezo wake, na wanachuoni wetu wametenganisha mambo mawili ambayo Waarabu huyaita samaa na istimaa. La kwanza ni sauti kumfikia mtu. La pili ni mtu kuiendea sauti. Hukumu imefungamana na la pili. Sheikhul Islam Ibn Taymiyya, ambaye hakuna atakayemtuhumu kwa ulegevu katika mlango wa muziki, ameeleza kwamba amri na katazo vinahusu kusikiliza kwa makusudio, kama ambavyo katazo la kutazama linahusu kutazama kwa makusudio na si jicho kuangukia kitu. Sisi wa Kiswahili hatuna udhuru wa kulichanganya jambo hili, kwani lugha yetu yenyewe imelipambanua kwa vitenzi viwili: kusikia na kusikiliza. Silabi moja iliyoongezwa inabeba nia nzima.

Ushahidi uliotajwa sana ni kisa cha Abdullah bin Umar (R.A.) na mwanafunzi wake Nafi', alichokipokea Abu Daud katika Sunan yake na Imamu Ahmad katika Musnad. Ibn Umar alisikia filimbi njiani, akaweka vidole masikioni na kuiacha njia ile, huku akimuuliza Nafi' kama bado anasikia. Nafi' aliposema hasikii tena, aliondoa vidole, akasema kuwa alimwona Mtume (S.A.W.) akifanya mfano wa hivyo. Abu Daud mwenyewe aliitilia kasoro hadithi hii, na wengine baada yake wakaisahihisha. Lakini hata wenye kuikubali wamehitilafiana katika mafunzo yake. Ibn Hazm wa Andalusi aliitumia kuhalalisha: lau ingekuwa haramu, alisema, Nafi' asingeachwa asikie. Wengine wakamjibu kuwa Nafi' alikuwa akisikia tu na hakuwa akisikiliza, na huenda alikuwa bado mdogo.

Mimi si mwanachuoni wa kuamua baina ya majabali hayo, lakini ipo nukta ambayo pande zote mbili zinaipita kwa haraka, nayo ni ile inayotuhusu hapa Ijuganyondo. Mchungaji mwenye filimbi yupo katika kisa hiki tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna mahala popote alipofuatwa. Hakuna aliyemwendea kuivunja filimbi yake. Aliyehama njia ni Ibn Umar.

Kipo kisa kingine kilicho imara zaidi, kwa kuwa kimo katika Bukhari na Muslim. Siku ya Idi vijakazi wawili walikuwa wakiimba nyumbani kwa Bi Aisha (R.A.), naye Mtume (S.A.W.) amejilaza na ameugeuza uso wake. Abu Bakar (R.A.) alipoingia aliwakemea, na Mtume (S.A.W.) akamwambia awaache, kwani kila watu wana sikukuu yao. Kuna waliokitumia kisa hiki kuruhusu kila aina ya muziki, na hilo ni kukibebesha kisichokibeba: wale walikuwa wasichana wadogo, ilikuwa Idi, na hapakuwa na tarumbeta. Lakini utazame ule uso uliogeuzwa. Sauti ipo chumbani, mwenye nyumba hakuielekea, na hakuwaruhusu watu wawafukuze waimbaji.

Sitaki msomaji anifahamu vibaya. Kuhusu ala za nyuzi na za kupuliza mimi naifuata kauli ya wengi katika madhehebu manne, na hasa madhehebu ya Shafi yaliyoenea katika pwani na bara yetu, kwamba ni za kuepukwa. Ninajua kwamba Ibn Hazm alisema vingine, na kwamba Imamu Ghazali ana maneno marefu ndani ya Ihyaa akipambanua sauti na hali za msikilizaji. Mjadala huo hausogezi suala letu. Hata anayeharamisha kwa ukali kabisa hawezi kumtia dhambini mama aliyekuwa akimenya ndizi jikoni kwake wakati besi ilipopita dirishani.

Ila mpaka upo, na kila mtu anaujua mwenyewe. Aliyesogeza kiti karibu na ua amekwisha kuuvuka. Aliyefunga redio yake iliyokuwa ikisoma habari ili kipande kile kimfikie vizuri, naye pia. Kadhalika kijana anayekataa kufunga dirisha kwa madai ya joto, katika jioni ya Bukoba yenye upepo wa ziwa. Surat Al-Furqaan aya ya 72 inawasifu waja wa Rahmani kwamba wanapopita penye upuuzi hupita kwa heshima zao. Hawakusifiwa kwa kutokutana nao, kwa sababu wanakutana nao. Wamesifiwa kwa namna wanavyopita.

Sasa nije kwenye suala la pili, la wale waliotaka kukata nyaya. Hoja yao ilikuwa ni kuondoa munkari kwa mkono, na hoja hiyo ina asili katika hadithi mashuhuri ambayo kila mmoja wetu anaijua. Mmoja wao, ambaye ni msomaji, alileta hata maneno ya Imamu Ghazali katika mlango wa kuamrisha mema: kwamba hairuhusiwi kupeleleza yaliyofichwa ndani ya nyumba, lakini sauti ya ala ikitoka nje ya kuta hata wapita njia wakaisikia, huo si upelelezi tena, na anayeweza kuiondoa anaweza kuingia. Nakiri kuwa ameinukuu sawasawa, na si haki kuificha nukuu kwa kuwa inatuudhi.

Lakini Imamu Ghazali huyo huyo ameipanga kazi hiyo kwa daraja, na daraja za mwanzo ni kumfahamisha mtu asiyejua na kumuwaidhi kwa upole. Mkono umewekwa mbali sana baada ya hapo. Vijana wetu walitaka kuanza na mkasi. Bendi haikuwahi kuambiwa hata neno moja! Vijana wale waliokwisha kunyamaza kwa adhana kwa hiari yao, nani aliwaeleza kwamba baada ya adhana kuna swala, na kwamba inachukua dakika chini ya ishirini? Isitoshe, Ghazali aliandika akiwa katika dola ambayo kadhi, muhtasibu na jirani wote walikuwa chini ya sheria moja waliyoikubali. Ua wa Ijuganyondo ni wa raia mwenzetu, Mkatoliki, mwenye hati ya kiwanja chake. Kuingia humo bila idhini na kuharibu mali ni kosa katika sheria ya nchi, na ni uvunjaji wa ahadi ya kuishi kwa amani tuliyonayo na majirani zetu. Wanachuoni wamekubaliana kwamba munkari hauondolewi kwa njia itakayoleta munkari mkubwa kuliko wenyewe.

Na jirani ni nani? Tarehe 10 Septemba 2016, siku ya Jumamosi, alasiri pia, siku chache kabla ya Idi el-Haj, ardhi ya Kagera ilitetemeka kwa kipimo cha 5.9. Watu zaidi ya 15 walifariki, majengo yakapasuka, na shule kongwe kama Ihungo zikabomoka. Usiku ule na zilizofuata watu wengi walilala nje kwa hofu ya kuta. Waliogawana turubai na mikeka hawakuulizana nani anakwenda msikitini na nani kanisani. Mtume (S.A.W.) amesema kuwa Jibril hakuacha kumuusia kuhusu jirani hata akadhani atamfanya mrithi, na wasia huo haukubaguliwa kwa dini.

Lipo na jambo jingine ambalo lilinichoma zaidi siku ile. Kuna mazoea ya kuzungumza kana kwamba muziki ni jambo la "wale". Historia haisemi hivyo. Ikhwani Safaa ya Unguja ilianzishwa mwaka 1905, na waliokusanyika humo walikuwa Waislamu. Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Salum Abdallah wa Cuban Marimba, Mbaraka Mwinshehe aliyefariki kwa ajali mwaka 1979, Marijani Rajabu aliyefariki mwaka 1995, Muhidin Maalim Gurumo aliyefariki mwaka 2014: majina hayo yalitolewa majumbani mwetu, na kwa Gurumo neno Maalim limo ndani ya jina lenyewe. Huku kwetu Buhaya kulikuwa na enanga iliyopigwa mbele ya watawala, ambayo tenzi zake Profesa Mulokozi alizifanyia utafiti mrefu, na amakondere, yale mapembe ya kifalme, kabla gitaa halijafika. Ilipofika mwaka 2001 Saida Karoli wa Kagera akaimba kwa Kihaya na nchi nzima ikaitikia. Siwataji ili kuwasifu, wala kuwasema waliokwisha kutangulia. Nawataja kwa sababu mpiga ngoma wa bendi ile ya uani ni kijana aliyehifadhi Juzuu Amma katika madrasa yetu, na kati ya waliotaka kukata nyaya wamo waliokaa naye mkeka mmoja.

Kijana huyo hajaacha Ijumaa. Huja na kukaa safu ya nyuma, karibu na mlango. Lau wangeingia uani wakaitoboa ngoma yake mbele ya wenzake, Ijumaa iliyofuata angekaa wapi? Aliyekuwa na nafasi ya kumwita pembeni na kuzungumza naye kuhusu riziki anayoitafuta, na njia nyingine anazoweza kuipatia, angekuwa ameipoteza nafasi hiyo kwa mkono wake. Katika Bukhari ipo hadithi ya harusi ya Rubayyi' binti Muawwidh, ambako wasichana walikuwa wakipiga dufu. Mmoja alitamka maneno ya kumnasibishia Mtume (S.A.W.) elimu ya ghaibu. Mtume (S.A.W.) alimkataza neno lile tu, na akamwambia aendelee na aliyokuwa akiyasema. Alirekebisha lililopotoka, na shughuli ikaendelea.

Inabaki kelele yenyewe, kwa sababu kelele ni udhia hata pale ambapo hapana uharamu wa ala. Anayeswali, mgonjwa, mtahiniwa wa kidato cha nne, mama aliyejifungua, wote wana haki ya utulivu. Nchi ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za mwaka 2015 za viwango vya kelele na mitetemo, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) ndilo lenye kuzisimamia. Kabla ya kufika huko, yupo mwenyekiti wa mtaa. Muislamu anayeudhiwa na bendi ana mlango wa kubisha.

Ila anayebisha mlango huo ajue kwamba ndani yake kuna mizani, na mizani haina dini. NEMC imepokea malalamiko dhidi ya baa na kumbi, na imepokea pia dhidi ya nyumba za ibada. Ng'ambo ya mpaka wetu, katika jiji la Kigali, Machi 2018 mamlaka za wilaya ya Nyarugenge zilizuia misikiti kuadhini kwa vipaza sauti, na hoja iliyotolewa ilikuwa kelele. Huenda tukaiona hatua ile kuwa ni ya kupita kiasi, nami ndivyo ninavyoiona. Lakini hoja ile haikutoka hewani. Kila mahala huanza na jirani mmoja aliyechoka. Saudi Arabia yenyewe, Mei 2021, Wizara ya Mambo ya Kiislamu iliagiza vipaza sauti vya nje vitumike kwa adhana na iqama peke yake, na visizidi theluthi ya nguvu zake. Walioudhika walikuwa wengi, na wizara ilitumia hadithi iliyomo katika Abu Daud, ambapo Mtume (S.A.W.) alipokuwa katika itikafu aliwasikia watu wakisoma kwa sauti za juu, akalifunua pazia na kuwakataza wasiudhiane kwa kupandishiana sauti katika kisomo. Kilichokatazwa pale kilikuwa ni Qur'an kusomwa kwa namna inayomsumbua mwingine, sembuse mengineyo.

Adhana siigusi. Ni alama ya Uislamu, ni fupi, na bendi ya uani imeiheshimu bila kuamrishwa. Ninayoyasemea ni yale tunayoyaongeza juu yake: kanda ya mawaidha inayofunguliwa saa kumi alfajiri ikiwa imesalia zaidi ya saa nzima kabla ya adhana, darsa la watu kumi na watano linalorushwa kwa mtaa mzima, spika iliyoelekezwa dirishani kwa mtu kwa sababu tu nguzo ilisimamishwa upande ule. Mkatoliki wa jirani naye hana kifuniko cha sikio. Yeye pia amekwisha kujua ni wapi mwalimu wetu wa darsa hukohoa.

Kwa hiyo napendekeza kwa kamati ya msikiti mambo ambayo hayahitaji fedha. Watu wawili waende kwa mwenye ule ua, wakiwa na ratiba ya swala iliyoandikwa kwa saa, wamshukuru kwa kunyamaza wakati wa adhana, na wamuombe muda huo urefushwe hadi dakika ishirini baada yake. Mmoja wa hao wawili awe ni yule kijana aliyetaka kukata nyaya. Katika ziara hiyo hiyo wamuulize jirani ni sauti ipi ya kwetu inayomuudhi, na jibu lake waliandike. Kisha, usiku wowote baada ya Isha, spika ya darsa ifunguliwe kama inavyofunguliwa siku zote, na mjumbe mmoja wa kamati atembee kutoka mlangoni kwa msikiti hadi nyumba ya mwisho ambako bado maneno yanasikika, akizihesabu nyumba njiani. Idadi hiyo isomwe Ijumaa inayofuata, kabla ya mtu yeyote kusimama tena kuzungumzia bendi.

Wallahu a'lam.